Maumivu ya mgongo: Tupunguze mizigo, tuache kubahatisha



Ndugu msomaji, ni nyumba chache mno ambazo hazina mtu anayelalamika mgongo. Baba akirudi kazini hujinyoosha kwenye mkeka huku akiguna. Mama akiinuka kwenye mbuzi ya kukunia nazi hushika kiuno kwanza ndipo asimame. Bibi amekwishakata tamaa, anasema ni utu uzima. Na hata kijana wa bodaboda, ambaye hajafika miaka 30, utamkuta kijiweni amejiegemeza kwenye pikipiki akijisugua mgongo. Maradhi haya yameenea kiasi kwamba tumeyazoea, na kwa kuyazoea tumeacha kujifunza chanzo chake.

Katika makala yetu ya leo tutaeleza maumivu ya mgongo yanatoka wapi, diski ni nini na inaharibikaje, na ni dalili zipi zinazotaka mtu akimbizwe hospitali. Lakini pia nina maoni yangu ambayo sitayaficha. Kwa mtazamo wangu, familia zetu zinakosea mara mbili katika jambo hili. Kosa la kwanza ni kuwa mizigo ya nyumba tumeigawa vibaya, ikawaelemea wachache. Kosa la pili ni kuwa mgongo ukishauma tunabahatisha tiba badala ya kuuliza chanzo. Makosa yote mawili yako ndani ya uwezo wetu kuyarekebisha.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa mwaka 2020 watu wapatao milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na kwamba ifikapo mwaka 2050 wanakadiriwa kufikia milioni 843. Shirika hilo linasema hakuna maradhi mengine yanayowafanya watu wengi zaidi duniani washindwe kufanya shughuli zao. Kwa hiyo, ndugu msomaji, anayelalamika mgongo nyumbani kwako si mvivu wala hadeki. Yumo katika kundi kubwa la waja wenye maumivu ya kweli.

Mama muuza vitumbua

Naomba nianze na kisa cha jirani yangu mmoja, mama anayefanya biashara ya vitumbua. Alianza kuumwa mgongo, sehemu ya kati, chini kidogo ya mabega. Akaambiwa ni kuinama sana jikoni, akanunua vidonge vya maumivu dukani. Havikusaidia. Akapima mkojo, akaambiwa ana UTI, akameza dawa za siku saba. Akapima tena sehemu nyingine, akapewa nyingine. Jamaa wakasema hizo ni figo, akanywa majani ya kuchemsha. Kisha akaletwa mtu wa kumkanda, akamlaza kifudifudi na kumkandamiza mgongo kwa magoti.

Miezi saba ilipita hivyo. Wakati huo wote mama yule alikuwa anapungua uzito, usiku anatoka jasho, na jioni mwili unapata joto. Watu wakasema ni mawazo ya biashara. Alipopelekwa hospitali kubwa alikuwa hawezi tena kunyanyua miguu. Ikabainika kuwa ana kifua kikuu cha uti wa mgongo. Alipewa dawa, na alhamdulillah leo anatembea, lakini kwa fimbo, na mgongo wake umepinda. Biashara sasa anaifanya binti yake, ambaye ilimbidi aache shule.

Kisa hiki hakimhusu kila anayeumwa mgongo, na wala sitaki msomaji apate hofu. Walio wengi hawana ugonjwa wa aina hiyo. Lakini kinaonesha hasara ya kutibu neno "mgongo" bila ya kujua ndani ya mgongo kuna nini.

Mgongo umejengwaje?

Uti wa mgongo ni mnara wa mifupa midogo iitwayo pingili. Shingoni zipo 7, nyuma ya kifua 12, na kiunoni 5. Chini yake kuna mifupa mingine iliyoungana ya nyonga na kitokono. Katikati ya pingili hizo hupita kamba ya mishipa ya fahamu inayotoka kwenye ubongo, na kila baada ya pingili hutoka matawi yake kwenda mikononi, kifuani, tumboni na miguuni. Kamba yenyewe kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kutoka hapo kwenda chini hubaki fungu la mishipa mithili ya mkia wa farasi, linalohudumia miguu, kibofu na njia ya haja kubwa.

Baina ya pingili na pingili kuna kitu mfano wa mto mdogo wa duara. Hiyo ndiyo diski, na kwa jumla zipo 23. Kila diski ina sehemu mbili. Nje kuna pete ngumu za nyuzinyuzi zilizozungukana kama matabaka ya kitunguu. Ndani kuna ute mzito wenye maji mengi. Ute huo ndio unaopokea uzito na kuusambaza, mifupa isisagane. Mchana kutwa, kwa uzito wa mwili, diski hupoteza maji kidogo, na usiku tukilala huyarudisha. Ndiyo maana mtu akipimwa urefu asubuhi huwa mrefu kuliko jioni kwa sentimita moja hivi.

Jambo la kuzingatia ni kuwa diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu ndani yake. Chakula chake huingia polepole kwa kupenya kutoka kwenye mifupa ya jirani, na mwendo wa mwili husaidia kazi hiyo. Kwa hiyo mtu anayekaa saa nane bila kuinuka anainyima mgongo wake mwendo unaouhitaji. Na mvutaji wa sigara anaudhuru zaidi, kwani moshi huharibu mishipa midogo ya damu inayolisha eneo hilo.

"Diski imeteleza"

Utasikia mtu akisema, "Diski yangu imeteleza." Maneno hayo yamezoeleka lakini yanapotosha. Diski imeshikamana na pingili zake barabara, haichomoki ikaenda kando kama sahani iliyoteleza mkononi. Kinachotokea ni kuwa zile pete za nje huchakaa au kupasuka, na ute wa ndani ukasukumwa nje. Ukisukumwa upande uliko mshipa wa fahamu, huubana na pia huuwasha kwa kemikali zake. Hapo ndipo maumivu yanapoteremka kutoka kiunoni, yakapita kwenye tako, nyuma ya paja, kwenye ndama hadi kwenye unyayo. Mgonjwa huhisi kama anapigwa shoti ya umeme, au anapata ganzi na vidole kufa. Akikohoa, akipiga chafya au akijikaza chooni, maumivu huzidi.

Uhusiano huo wa diski na maumivu ya mguu ulielezwa vyema mwaka 1934 na madaktari wawili wa Boston, Marekani, William Mixter na Joseph Barr. Kabla ya hapo wagonjwa wengi walikuwa wakitibiwa mguu wakati chanzo kipo kiunoni. Na mpaka leo katika mitaa yetu wapo wanaopaka dawa ya kuchua kwenye paja mwaka mzima.

Sehemu kubwa ya diski zinazopasuka ni mbili za mwisho kabisa kiunoni, kwa sababu hizo ndizo zinazobeba uzito mwingi na kupinda zaidi. Za shingoni nazo hupasuka, na hapo maumivu au ganzi huteremka mkononi.

Lakini tusije tukafikiri kuwa kila maumivu ya mgongo ni diski. Wataalamu wanasema kwa takriban watu 9 katika kila 10 wenye maumivu ya kiuno, hakuna ugonjwa maalumu wala sehemu moja inayoweza kunyooshewa kidole. Ni misuli, kano, viungo vidogo na uchovu, vyote vikichangia.

Sababu zinazouchosha mgongo

Zipo sababu ambazo mja hana hiari nazo. Umri ni mojawapo, kwani diski hukauka kadiri miaka inavyokwenda. Nasaba nayo ina mchango mkubwa, ndiyo maana utakuta baba na watoto wake wote wana tatizo moja. Ujauzito huongeza uzito mbele na kulegeza kano za nyonga.

Zipo pia sababu zinazotokana na maisha yetu: unene uliopindukia, sigara, kukaa muda mrefu, kutofanya mazoezi, na mtikisiko wa muda mrefu kama wanaoupata madereva wa malori na vijana wa bodaboda kwenye barabara za mashimo. Fundi cherehani, karani na mwanafunzi anayesoma akiwa amejikunja sakafuni nao wamo. Na mawazo mengi na kukosa usingizi huyafanya maumivu kuwa makali zaidi na kukaa zaidi. Hilo halina maana kuwa mgonjwa anajifanya.

Kisha kuna kubeba, na hapa ndipo penye hoja yangu ya kwanza. Ndoo moja ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia ndoo moja kwa kuoga, kupikia, kufua na udhu, inahitaji kilo 120 za maji kila siku. Kwa mwezi hiyo ni tani 3 na nusu na ziada. Sasa jiulize, ndugu msomaji: nyumbani kwako nani anazibeba? Katika nyumba nyingi ambazo bomba halijafika ndani, jibu ni mama mmoja na binti mmoja. Ukiongeza ufagio mfupi wa chelewa unaomlazimu mtu kuinama uwanja mzima, kufua kwenye beseni lililowekwa chini, kupika kwenye jiko la chini na kubeba mtoto mgongoni, utaona kuwa mgongo wa mama haupumziki tangu alfajiri hadi baada ya Isha. Kisha jioni akisema mgongo unauma tunamwambia apake dawa.

Baba wa nyumba anaweza kusema, "Nami nabeba kazini." Ni kweli. Mfuko wa saruji una kilo 50. Gunia la lumbesa sokoni hupita kilo 100, na kijana mmoja hutwishwa mgongoni. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 lilitaja kilo 55 kuwa ndio ukomo wa mzigo anaoubeba mwanamume mzima kwa mikono yake. Kwa maana hiyo mpagazi wetu hubebeshwa karibu mara mbili ya ukomo huo, safari kadhaa kwa siku, kwa ujira mdogo. Mpagazi hana hiari, kwani watoto wanasubiri chakula. Lakini mwenye mali anayo hiari. Mfanyabiashara Muislamu anayefungasha lumbesa ili apunguze ushuru na nauli ajue kuwa faida ile ameichukua kutoka katika mgongo wa mtu mwingine, na dhulma si ya mizani peke yake.

Tumefundishwa kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake kwa mikono yake, na kwamba wanaotufanyia kazi wasikalifishwe wasichokiweza, na wakikalifishwa basi wasaidiwe. Mafunzo haya tunayasikia msikitini kila mara, ila sijui kwa nini tukifika nyumbani ile ndoo haituhusu.

Dalili za hatari

Ndugu msomaji, sehemu hii naomba uikate uiweke. Mgonjwa wa mgongo apelekwe hospitali haraka akiwa na mojawapo ya haya:

Kwanza, kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au mkojo kugoma kutoka, au ganzi kwenye sehemu za siri na mahali pa kukalia, au miguu yote miwili kulegea. Hii ni dharura. Lile fungu la mishipa la chini limebanwa, na mgonjwa anahitaji kufanyiwa upasuaji mapema. Hapa tunahesabu saa, si siku. Akicheleweshwa anaweza kubaki na ulemavu wa kudumu. Wagonjwa wengi huona haya kutaja sehemu hizo. Basi mkewe au mumewe amuulize faraghani.

Pili, homa, jasho la usiku, kupungua uzito, na maumivu ambayo hayapungui hata mtu akilala. Hizi zinaweza kuwa dalili za kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mtu anaweza kukipata bila ya kukohoa hata kidogo. Aliyewahi kuugua kifua kikuu, aliyeishi na mgonjwa wake, au mwenye virusi vya UKIMWI awe makini zaidi. Hapa Tanzania dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali, kwa hiyo umasikini usiwe kisingizio. Wafugaji na wanywaji wa maziwa yasiyochemshwa wakumbuke pia ugonjwa wa brusela, ambao huleta homa za kwenda na kurudi na maumivu ya mgongo.

Tatu, maumivu mapya kwa aliyevuka miaka 50, hasa ikiwa aliwahi kuugua saratani. Saratani ya tezi dume kwa wanaume na ya matiti kwa wanawake huweza kusambaa hadi kwenye pingili.

Nne, maumivu baada ya kuanguka kutoka kwenye mnazi au mwembe, au baada ya ajali. Kwa kikongwe hata kuteleza bafuni kunatosha kuvunja pingili. Aliyeanguka asinyanyuliwe kwa kukunjwa. Alazwe kwenye ubao ulionyooka na kusafirishwa hivyo.

Tano, mguu au mkono unaozidi kupoteza nguvu siku hadi siku, kwa mfano ndara inachomoka bila ya kujua, au kikombe kinaanguka.

Ama figo, mara nyingi huuma ubavuni chini ya mbavu, pamoja na homa, kichefuchefu, au mabadiliko ya mkojo. Maumivu ya kiuno yanayozidi ukiinama na kupungua ukibadili mkao kwa kawaida si ya figo. Na si kila maumivu ya kiuno kwa mwanamume ni ngiri, wala si kila ya mwanamke ni chango.

Tunavyobahatisha

Hapa naingia katika hoja yangu ya pili. Mgonjwa wetu akishapata maumivu, huanza safari ya kubahatisha.

Wa kwanza humwambia alale asinyanyuke. Huko nyuma hata madaktari walishauri hivyo. Lakini mwaka 1986 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowalinganisha walioambiwa walale siku 2 na walioambiwa walale siku 7. Wale wa siku 2 walikosa kazi siku chache zaidi, na kupona kwao hakukuwa kubaya kuliko wenzao. Tangu hapo ushauri umebadilika. Mtu apumzike siku moja au mbili ikiwa maumivu ni makali, kisha aanze kutembea taratibu. Kulala wiki nzima hudhoofisha misuli inayoushikilia mgongo.

Wa pili humpeleka duka la dawa. Panadol imekuwa kimbilio letu, lakini utafiti mkubwa uliofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2014 ulionesha kuwa dawa hiyo haikuharakisha kupona maumivu ya ghafla ya kiuno kuliko kidonge kisicho na dawa. Diklofenaki na jamii yake husaidia kiasi, ila zikimezwa ovyo kwa miezi huleta vidonda vya tumbo, kupandisha presha na kudhuru figo. Yaani mtu anaanza na mgongo usio na figo, anaishia na figo kweli. Hatari zaidi ni zile dawa za unga au za chupa zisizo na jina zinazotibu "siku hiyohiyo". Baadhi yake huchanganywa na dawa kali za steroidi, ambazo huficha maumivu huku zikila mifupa na kupandisha sukari.

Wa tatu humwambia akapige picha ya MRI, hata kama itabidi kuuza kiwanja. Picha ina kazi yake, hasa penye zile dalili za hatari au upasuaji unapofikiriwa. Lakini picha isiyo na sababu inaweza kumtia mtu hofu bure. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote. Walikuta kuwa diski zilizochakaa zilikuwepo kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Na hao wote walikuwa hawaumwi! Kwa hiyo cheti kikisema "diski imechakaa", usidhani umehukumiwa. Mara nyingi ni kama mvi, isipokuwa hizi ziko ndani.

Wa nne huleta mkandaji. Kukandwa kwa upole na kwa mafuta ya uvuguvugu hakuna ubaya, na wengi hupata nafuu. Lakini kukanyagwa mgongo, kuvutwa au kupindishwa kwa nguvu kabla ya kujua chanzo ni hatari, hasa ikiwa pingili imeliwa na kifua kikuu. Kuhusu hijama, wapo wanaopata nafuu ya muda, nasi tunaijua nafasi yake katika sunna. Ila hairudishi diski iliyopasuka, na wembe uliotumika kwa mwingine unaweza kumuambukiza mtu UKIMWI au homa ya ini. Mwenye kuifanya awe amefunzwa, na vifaa viwe vipya kwa kila mtu.

Ama ile mikanda ya kiuno inayotembezwa mitaani, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 haushauri itumike kwa kawaida kwa wenye maumivu sugu ya mgongo.

Wenye maumivu na swala

Wasomaji wengi huuliza kuhusu swala. Wapo wanaojilazimisha kurukuu na kusujudu huku machozi yanawatoka, wakidhani kukaa ni upungufu wa imani. Na wapo walioacha kabisa tarawehe kwa hofu ya kuvunjika mgongo. Wote wawili hawajafanya sawa. Sahaba Imran bin Husayn (r.a.) alikuwa na maradhi ya bawasiri, naye akaelekezwa na Mtume (s.a.w.) aswali kwa kusimama, na asipoweza akae, na asipoweza basi alale ubavu. Dini yetu imeweka ruhusa kwa mgonjwa, na kuitumia ruhusa aliyokupa Mola wako si udhaifu. Mwenye diski anaweza kusimama mahali anapoweza na kuashiria mahali asipoweza. Namna ya kutumia kiti, wapi ukae na wapi usimame, waulize masheikh wa mtaa wako. Na maimamu nao wasimkemee mzee aliyeleta kiti chake msikitini.

Aidha tusiseme kupita kiasi. Utasikia kuwa anayeswali hawezi kuugua mgongo. Swala ni ibada. Miondoko yake inaweza kuunufaisha mwili, lakini maimamu na wacha Mungu nao huugua mgongo, na hilo halipunguzi kitu katika ibada yao.

Tufanye nini basi?

Habari njema, ndugu msomaji, ni kuwa maumivu mengi ya ghafla ya kiuno hupungua ndani ya wiki chache. Hata wenye diski iliyopasuka na maumivu ya mguu, wengi wao hupata nafuu kubwa katika wiki 6 hadi 12 bila ya kisu, kwa sababu mwili wenyewe huweza kuufyonza ule ute uliotoka. Upasuaji ubaki kwa wenye dharura, wenye viungo vinavyozidi kulegea, na wale ambao maumivu yamekataa kuondoka baada ya muda huo. Hospitali kubwa kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam zina wataalamu wa kazi hiyo, na zina wataalamu wa mazoezi ya viungo. Hawa wa mazoezi tunawadharau, kumbe wagonjwa wengi wa mgongo wanawahitaji wao kuliko mpasuaji.

Kwa anayeumwa: kanda kwa maji ya moto, tembea kidogo kidogo, lala kwa mkao unaokupa nafuu, kwa mfano ubavu na mto baina ya magoti. Dawa ya maumivu itumike kwa ushauri na kwa muda mfupi. Ukishapata nafuu usirudi kukaa. Tembea nusu saa siku nyingi za wiki na uimarishe misuli ya tumbo na mgongo, kwani hiyo ndiyo kinga ya kurudiwa.

Kwa wote: mzigo ushikwe karibu na kifua, usibebwe kwa mikono iliyonyooshwa mbele. Usiinue na kuzunguka kwa wakati mmoja. Geuka kwa miguu. Ndoo ya lita 20 igawanywe katika madumu mawili ya lita 10, mkono huu na huu. Anayekaa kazini ainuke kila baada ya nusu saa hivi.

Na kwa baba wa nyumba, nina maombi manne, nayo hayahitaji fedha nyingi. Ufagio utiwe mpini mrefu. Beseni la kufulia na jiko viinuliwe juu ya meza au matofali. Watoto wa kiume wachote maji sawa na dada zao. Na siku ya mapumziko, wewe mwenyewe ubebe ndoo zote za siku hiyo. Ukishazibeba, jioni hutauliza tena mama watoto anaumwa nini.

Yule jirani yangu wa vitumbua alisubiri miezi saba kwa sababu kila mtu alikuwa na jibu na hakuna aliyekuwa na swali. Tungemuuliza tu kama anapata joto jioni na kama nguo zinampwaya, pengine leo angekuwa anatembea bila fimbo, na binti yake angekuwa darasani. Mimi pia nilikuwa jirani yake, na mimi pia sikumuuliza.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.) awape shifaa wagonjwa wetu na atupe moyo wa kusaidiana mizigo.

Wabillahi tawfiq.